Sabuni Yako Haigandi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kostiki na Vitu vya Kukazia Mche

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sabuni yangu imebaki kama siagi iliyosahauliwa juani, niongeze siliketi kiasi gani?" Kabla ya kujibu huwa nauliza mambo matatu. Kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, uliinunua ikiwa kwenye hali gani? Uliipima kwa kitu gani? Mafuta uliyotumia ni ya aina gani? Mara nyingi tatizo linajitokeza hapo hapo, hata hatujafika kwenye siliketi, kile kimiminika cha kukazia sabuni. Mmoja alipima kwa kikombe cha chai. Mwingine alipewa magadi soda akidhani ni kostiki. Wa tatu alitumia alizeti tupu kwa sababu kwao Singida ndiyo mafuta ya bei nafuu.

Siliketi, chumvi, nta na wenzake hukaza sabuni iliyokwisha kuwa sabuni. Mafuta ambayo hayajaliwa na kostiki hayatakazwa na chochote utakachomimina juu yake. Kwa hiyo tutaanza na kostiki na mafuta, kisha ndipo tuje kwenye vya kukazia. Ukiruka hatua ya 1 hadi ya 4 utarudi kuuliza swali lile lile.

## Andaa hivi kwanza

- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Hiki ndicho kifaa ambacho hakina mbadala. Kijiko na kikombe hupima ujazo, na kostiki ya magamba hujaza kikombe kwa uzito tofauti na ile ya chengachenga.
- Kostiki soda iliyofungwa vizuri, kavu, isiyoshikana mabonge.
- Mafuta uliyoyapima na kuyaandika kwa uzito, siyo kwa lita.
- Maji ya mvua au ya chupa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huleta utando wa kijivu na kupunguza povu.
- Ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya steli isiyoshika kutu, na mwiko wa plastiki au wa steli. Wa mbao unafaa kwa siku chache tu, kwa sababu kostiki huula taratibu na kuacha vijiti ndani ya sabuni.
- Glavu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kandambili hazimo.
- Kipimajoto, na haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa maji ya kostiki) kama unatengeneza kwa wingi.
- Siki kidogo ya kupimia. Matumizi yake utayaona hatua ya 2.
- Boksi la mbao lililotandikwa nailoni ngumu, ndilo la kumwagia.

Onyo la vyombo: sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na kostiki hula aluminiamu huku ikitoa gesi ya haidrojeni, gesi inayoshika moto. Nililijua hilo kwa njia mbaya. Siku yangu ya kwanza nilichukua sufuria ya mama ya kupikia makande, nikaweka maji, nikamwaga kostiki. Ikaanza kutokota bila moto. Povu la kijivu likapanda hadi ukingoni na harufu ikanikaba koo. Nilipomwaga nje, ndani ya sufuria palikuwa pamechimbika vidondandonda kama uso wa aliyeugua ndui. Makande hayakupikwa tena humo.

## Hatua ya 1: Jua ni soda ipi uliyoshika

Dukani kuna vitu vinne vinavyoitwa soda au vinavyofanana nayo, na muuzaji akiwa na haraka anaweza kukupa chochote kati ya hivyo.

Kostiki soda (haidroksaidi ya sodiamu). Hii ndiyo ya mche. Huja ikiwa magamba meupe au chengachenga kama sukari kubwa, kwenye magunia ya kilo 25, na maduka ya rejareja huigawa kwa kilo. Hapo kwenye kugawa ndipo shida inapoanzia. Kostiki iliyoachwa wazi hunywa unyevu na hewa ya ukaa, na sehemu yake hugeuka magadi. Uzito uko pale pale, ila nguvu imeondoka.

Kostiki potashi (haidroksaidi ya potasiamu). Inageuza mafuta kuwa sabuni vizuri kabisa, lakini sabuni yake ni laini kama jeli. Ni ya sabuni ya maji au ya kopo. Ukiitumia kwenye mche utangoja mpaka mwakani. Tena inahitajika kwa uzito wa mara 1.4 ya kostiki soda kwa mafuta yale yale.

Magadi soda. Yale yanayotoka Ziwa Magadi na Ziwa Natron, au yaliyosafishwa yakawa unga mweupe mwepesi. Ni alkali dhaifu. Hayawezi kula mafuta mazima kama mawese au nazi ukayaita sabuni. Yana kazi nyingine kwenye sabuni ya kufulia, na tutaifikia.

Soda ya kuokea. Ni dhaifu zaidi hata ya magadi. Iache kwenye maandazi.

Na majivu je? Maji yaliyochujwa kwenye majivu yana potasiamu, kwa hiyo hata yakichemshwa yakawa makali, sabuni yake ni laini. Wanaotaka kubaki na njia ya asili humwaga chumvi nyingi kwenye sabuni hiyo ikichemka, sabuni ikaelea juu na kuwa ngumu kiasi. Ni kazi ya siku nzima na hupati kipimo cha kueleweka. Kama unauza, siipendekezi.

Kuna pia wanaogeuza magadi kuwa kostiki kwa kuyachemsha na chokaa iliyozimwa. Kikemia ni sahihi: kostiki hubaki kwenye maji, chokaa ikatuama chini kama tope jeupe. Lakini nguvu ya maji hayo huijui mpaka uyapime, na tope la chokaa likiingia kwenye sabuni linatengeneza sabuni isiyoyeyuka wala kutoa povu. Kwa bei ya kostiki ya leo, nunua kostiki.

Usinunue dawa ya kuzibua sinki ukaitumia kama kostiki. Nyingi zina vichanganyio vingine, baadhi hata chembe za aluminiamu.

## Hatua ya 2: Ipime kostiki kabla hujaiamini

Majaribio mawili, dakika tano. Vaa glavu na miwani.

Jaribio la joto. Weka robo kikombe cha maji ya kawaida kwenye kikombe cha plastiki ngumu, dondoshea kijiko kimoja cha chai cha unga ulionunua, koroga. Kostiki itayapasha maji mpaka uhisi joto kali ukigusa kikombe kwa nje. Magadi soda makavu huyapasha kidogo tu. Soda ya kuokea hufanya maji yawe ya baridi zaidi.

Jaribio la siki. Maji yale yakipoa, chota matone machache uyadondoshe kwenye kijiko kilichojaa siki. Kostiki safi haitoi mapovu. Ikitoa mapovu kama soda iliyofunguliwa, una magadi, au una kostiki iliyozeeka ikageuka magadi nusu nzima.

Mafanikio yanaonekanaje: joto kali na siki tulivu. Mapovu machache madogo yanavumilika. Mapovu mengi, rudisha dukani, au itumie kusafishia sakafu.

Ikishapita mtihani, ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, uandike jina kwa herufi kubwa, uiweke juu mbali na watoto. Kamwe usiweke maji ya kostiki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi lebo, anaona chupa anayoijua. Aliyemeza asitapishwe: asukutue mdomo na apelekwe hospitali mara moja.

## Hatua ya 3: Chagua mafuta yanayokaza yenyewe

Hapa ndipo ugumu wa mche unapoamuliwa kwa sehemu kubwa. Angalia mafuta yako asubuhi ya baridi. Yale yanayoganda yenyewe huzaa sabuni ngumu, na yanayobaki maji huzaa sabuni laini. Nazi karibu 90% yake ni aina ya mafuta yanayoganda, mawese karibu nusu, alizeti ya kawaida kama 11% tu.

Lakini kuna ugumu wa aina mbili, na wengi huuchanganya. Nazi na mise (mafuta ya kiini cha mchikichi) hutoa mche mgumu kama jiwe wenye povu jingi hata kwenye maji ya chumvi, ila unayeyuka haraka bafuni. Mawese na mafuta ya ng'ombe hutoa mche unaochelewa kukaza lakini unaodumu. Ukivichanganya unapata vyote viwili.

Kanuni ninayoifuata: mafuta yanayoganda yasipungue 65% ya mchanganyiko. Kwa sabuni ya kuogea, nazi au mise isizidi 30%, la sivyo ngozi inakauka na kuvutana. Kwa kufulia panda utakavyo.

Kama uko Singida au Dodoma na alizeti ndiyo uliyonayo, itumie, lakini iwe 15% au 20%. Alizeti ikizidi, mche utakuwa laini na baada ya miezi michache utatoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyokaa. Hakuna siliketi inayozuia hilo moja kwa moja.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kostiki

Kila mafuta yana kiasi chake. Kwa kilo 1 ya mafuta, kostiki safi inayotosha kuyamaliza yote ni:

- Nazi: gramu 183
- Mise: gramu 176
- Mafuta ya ng'ombe: gramu 143
- Mawese: gramu 142
- Pamba: gramu 138
- Alizeti: gramu 135
- Zeituni: gramu 135
- Nyonyo: gramu 128

Hesabu hiyo hukata mafuta yote yaishe, na mizani ikikosea kidogo una sabuni inayounguza. Kwa hiyo tunapunguza kostiki: 5% kwa sabuni ya kuogea, 2% kwa ya kufulia.

Mfano wa kuogea, kilo 1 ya mafuta. Mawese gramu 600, nazi 250, alizeti 150. Mawese yanataka gramu 85.2, nazi 45.8, alizeti 20.3. Jumla 151 na kidogo. Toa 5%, unabaki na gramu 144.

Mfano wa kufulia, kilo 1. Mawese gramu 800, mise 200. Ni 113.6 na 35.2, jumla 148.8. Toa 2%, unabaki na gramu 146.

Ukiona kichocheo mtandaoni kinachosema "kostiki kilo moja, mafuta lita tano" bila kutaja ni mafuta gani, kiache. Lita tano za nazi na lita tano za alizeti hazili kostiki sawa hata kidogo.

## Hatua ya 5: Yeyusha kostiki, na usimwage maji kupita kiasi

Maji ni mara 2 ya uzito wa kostiki. Kwa gramu 144 za kostiki, maji gramu 288.

Kazi hii ifanyie nje au penye dirisha wazi, upepo ukitoka mgongoni kwako. Maji ya baridi yatangulie ndooni, kostiki ifuate kidogokidogo huku ukikoroga. Usigeuze mpangilio. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, yale ya mwanzo huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Hata kwa mpangilio sahihi joto linaweza kukaribia nyuzi 90, na mvuke wa mwanzo usiuvute.

Ikikurukia kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Siki usipake: inaongeza joto juu ya kidonda. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Kwa wanaoloweka na kupima kwa haidromita. Mafundi wengi huloweka kostiki siku kadhaa, kisha hupunguza makali kwa maji mpaka haidromita isome namba waliyofundishwa. Njia hii si mbaya, ila ujue namba ina maana gani. Kwenye maji yaliyopoa kabisa:

- 1220 ni kostiki 20%
- 1275 ni kostiki 25%
- 1330 ni kostiki 30%
- 1380 ni kostiki 35%

Tuseme unahitaji kostiki gramu 144 na maji yako yanasoma 1275. Utahitaji gramu 576 za maji hayo, na ndani yake maji matupu ni gramu 432. Linganisha na 288 za hapo juu. Umeongeza gramu 144 za maji kwenye kilo moja tu ya mafuta, zaidi ya nusu glasi. Maji hayo yote lazima yatoke kwa kukauka. Nikisikia mtu wa 1275 analalamika mche wake ni laini wiki ya pili, sishangai. Pandisha hadi kati ya 1330 na 1360, na upime baada ya kupoa, kwa sababu maji ya moto husoma namba ndogo kuliko ukweli.

Mafanikio yanaonekanaje: maji meupe kidogo mwanzoni, kisha yanakuwa safi kama maji ya kunywa. Na hilo ndilo linaloyafanya yawe hatari.

## Hatua ya 6: Chagua cha kukazia

Sasa tumefika. Chagua kimoja, viwili kwa wingi. Anayemwaga vyote anaishia na tofali.

Chumvi. Ya kwanza kwangu kwa sabuni ya kuogea, kwa sababu ni rahisi na ipo kila jikoni. Gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya mafuta. Iyeyushe kwenye maji *kabla* ya kutia kostiki, maana maji yakishakuwa makali hayaipokei. Ikizidi gramu 30 povu linapungua na mche unamomonyoka ukiukata. Sabuni yenye chumvi hukaza mapema, kwa hiyo iangalie baada ya saa 12, usisubiri kesho kutwa.

Sodiamu siliketi. Kimiminika kizito kama asali nyepesi, ndiyo mhimili wa sabuni ya kufulia. Inakaza, inapunguza makali ya maji magumu, na kuchelewesha sabuni kuharibika harufu. Gramu 50 hadi 80 kwa kilo ya mafuta zinatosha. Imimine polepole sabuni ikishaanza kuwa uji, huku ukikoroga. Iwe na joto kidogo, kwani ikiwa ya baridi huleta mabonge. Wapo wanaoweka nusu kwa nusu na mafuta ili mche uwe mzito sokoni. Mche huo unang'aa kweli, lakini mwezi wa pili unapasuka nyufa, na mikono ya anayefua inajua tofauti. Kwenye sabuni ya kuogea siiweki kabisa. Vyombo uvioshe mapema: ikikauka inashika kama kioo.

Magadi soda mepesi. Kwa kufulia pekee, gramu 20 hadi 40 kwa kilo. Hulainisha maji magumu ili sabuni itoe povu, na hunywa maji yaliyozidi ndani ya mche. Yakizidi, mche unachanua unga mweupe juu, mteja anadhani umeoza.

Steariki asidi (stearic acid). Chembe nyeupe kama nta. Inakaza sana na kulainisha povu. Gramu 20 hadi 30 kwa kilo, ila ina mambo mawili. Kwanza, nayo inakula kostiki: gramu 30 zinahitaji kostiki gramu 4 zaidi. Pili, inayeyuka kwenye nyuzi karibu 70 na hugeuka sabuni papo hapo ikikutana na kostiki. Mafuta yakiwa chini ya nyuzi 60 inaganda, una uji wa uongo wenye chembe. Anayeanza asianzie hapa.

Nta ya nyuki. Wenzetu wa Tabora wanayo ya kutosha. Gramu 10 hadi 20 kwa kilo, iyeyushwe pamoja na mafuta. Hukaza na kuufanya mche usiyeyuke haraka, lakini povu hupungua.

Unga wa ngano, unga wa muhogo na chokaa nimeviona kwenye vichocheo vingi. Unga huota ukungu. Chokaa nimeshaieleza: inaua povu. Hivyo vinajaza mche tu, havikazi kitu.

## Hatua ya 7: Changanya

Yeyusha mafuta, kisha yaache yashuke mpaka nyuzi 40 hadi 45 (yenye steariki yasishuke chini ya 60). Maji ya kostiki nayo yashuke hapo hapo. Mawese yakiwa ya baridi zaidi huanza kuganda yenyewe, unadhani sabuni imeiva kumbe mafuta yamelala.

Mimina kostiki kwenye mafuta kwa mchirizi mwembamba, ukikoroga upande mmoja. Kwa mwiko tarajia dakika 30 hadi 60. Kwa mashine ya mkono ni dakika chache.

Mafanikio yanaonekanaje: nyanyua mwiko, uache tone lianguke. Likiacha alama juu ya sabuni kwa sekunde mbili tatu kabla ya kuzama, umefika. Uzito wake ni kama uji wa mtoto, siyo kama uji wa msibani. Ukiona bado kuna mafuta yanayoelea pembeni, endelea kukoroga.

Hapo ndipo siliketi inaingia, halafu manukato. Tahadhari moja kwa ndugu zangu wa Unguja na Pemba: mafuta ya karafuu huishtua sabuni. Unaweka matone, unageuka kuchukua boksi, ukirudi imeshaganda kwenye ndoo na mwiko umesimama katikati. Karafuu iwe ya mwisho kabisa, kidogo, na boksi liwe tayari mbele yako.

## Hatua ya 8: Mwaga, kata, subiri

Mwaga kwenye boksi, gonga kando mara tatu mapovu yatoke, funika kwa nailoni. Ukiacha wazi, hewa hukutana na kostiki iliyo juu na kuacha vumbi jeupe. Halina madhara, ila linaharibu sura.

Baada ya saa 24 hadi 48 bonyeza kwa kidole ukiwa na glavu. Ikibonyea kama jibini, kata. Ikishika kidole kama ugali, iache siku nyingine.

Panga miche kwenye rafu ya vijiti, isigusane, kivulini penye upepo. Ya kufulia wiki 2 hadi 3, ya kuogea wiki 4 hadi 6. Hapa watu hukosa subira, na hapa ndipo mche unapokaza kweli, kwa sababu maji yanatoka.

Njia yangu ya kujua: nachukua mche mmoja, nauchora alama kwa msumari, naupima kila Jumamosi na kuandika. Mche wa gramu 120 wiki ya kwanza hushuka 114, kisha 110, kisha 108. Jumamosi mbili zikifuatana bila kushuka, umeiva. Wakati wa masika, Dar es Salaam na Tanga, ongeza wiki moja au mbili.

Kupima ukali: siku ya tatu, lowesha kidole, sugua mche, gusa povu kidogo kwa ncha ya ulimi. Ladha ya sabuni tu ni sawa. Ikikuchoma kama ulivyolamba betri ya redio utotoni, kostiki imezidi.

## Mche ukikataa, soma dalili zake

Laini, na juu kuna mafuta. Kostiki ilikuwa pungufu au dhaifu. Rudia jaribio la siki. Kwangua sabuni, pasha kwa moto mdogo kwenye sufuria ya steli na maji kidogo, ongeza kostiki iliyopungua kwa hesabu, ikiwa imeyeyushwa.

Laini, hakuna mafuta, haichomi ulimi. Maji yalizidi au alizeti ilizidi. Usiongeze chochote. Iache kwenye upepo wiki 3 zaidi.

Ngumu kama chaki, inamomonyoka, inachoma. Kostiki ilizidi. Kwangua, pasha vile vile, ongeza mafuta kwa hesabu ya hatua ya 4, kisha pima ulimi tena baada ya siku tatu.

Haichomi lakini inapasuka nyufa. Siliketi au chumvi nyingi. Uza kama vipande, safari ijayo punguza nusu.

Inatoa jasho. Hewa ina unyevu na sabuni inaunywa, hasa yenye chumvi. Futa kwa kitambaa kikavu, hamishia penye upepo.

Hukumbuki ulipima nini. Hapo usikisie kuongeza kostiki wala mafuta. Ikichoma ulimi, kata vipande, tumia kusugulia sakafu ya nje ukiwa na glavu. Na batchi ijayo uzito wa kila kitu uandikwe kwenye daftari kabla hujavaa glavu, maana ukishazivaa kalamu haishikiki.